Chupa Niliyoichukua Pangoni

Kaa vizuri, mwanangu, na usinikatize. Nikimaliza useme unalotaka. Sema bibi huyu aliota, sema ana maruhani, sema ni uzee. Wenzako wamekwisha kusema. Lakini mimi nilikuwepo, nilikuwa macho, na sikuwa na homa wala sikuwa na njaa. Wallahi lilitokea, nyumbani kwangu Likoni, mwendo mdogo tu kutoka kivukoni, na jua ndiyo kwanza lilikuwa limetua.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, vile vya pili. Nyinyi hamkuyaona hayo. Serikali ilitoa amri taa zisionekane nje usiku, ndege za adui zisije zikaiona bandari. Na mafuta ya taa yenyewe yalikuwa adimu, kuyapata mpaka ujuane na mtu. Basi jua likizama, sisi tunaingia gizani kama kuku. Mume wangu, Bakari, alikuwa kuli bandarini na zamu zake zilikuwa za usiku. Nyumbani nabaki mimi na binti yetu Zuhura, wa miaka saba, pamoja na Kache, mtoto wa jirani, wa miaka sita. Mama Kache alikuwa Mduruma, mtu wa kanisa, mwanamke mpole ajabu. Alikaanga samaki kivukoni, na hakurudi mpaka wavukaji wapungue. Mtoto wake akiniachia mimi. "Akiwa kwako, Mama Zuhura," akiniambia, "ni kama yumo tumboni mwangu bado."

Watoto wale wakiogopa giza, na Kache akizidi. Nikaona niwatengenezee kitu cha kuwafurahisha. Bakari aliniletea chupa mbili za jemu, za mdomo mpana, zilizotupwa na wapishi wa askari. Wajua tulivyofanya? Unatia maji mpaka nusu, unayatia rangi. Unamimina mafuta ya nazi juu yake, kiasi cha kidole kimoja. Kisha unachukua kizibo cha chupa ya dawa, unakikata vipande vyembamba, unatoboa katikati na kupitisha utambi wa pamba. Kizibo kinaelea juu ya mafuta, utambi unawaka, na maji chini yake yanang'ara. Watoto wakikata nyota na samaki kwenye karatasi za sukari, tukizibandika ubavuni kwa uji wa muhogo. Ukiziwasha, nyota zinatembea ukutani. Kwa rangi hatukupata taabu. Manjano yalikuwamo jikoni, nili ya kufulia ilikuwako, na nyekundu nilikuwa nayo ya kutilia ukili wa mikeka.

Chupa zilikuwa mbili. Ya kwanza nilimpa Zuhura, akataka nyekundu. Ya pili ilikuwa iwe ya Kache, sivyo? Mtu mwenye moyo angempa. Mimi niliipenda. Niliitia nili, ikatoka buluu nzuri, nikaiweka kwenye shubaka ukutani nikasema, "Hii ya mama." Kache alikaa akitazama, machozi yanamtoka bila sauti, na kile kilio cha kimya kikaniudhi kuliko angepiga makelele.

"Ebo! Nyamaza," nikamwambia. "Yako naenda kuitafuta sasa hivi."

Unajua nilikwenda wapi? Pangoni. Ukishuka upande wa ufuoni palikuwa na pango la mzimu, watu wakienda kuweka nadhiri zao humo, marashi, ubani, kitambaa chekundu. Vya pangoni haviguswi. Na ukishikwa na dharura, basi ubishe hodi, useme shida yako, uache kitu badala ya ulichochukua. Kila mtu alilijua hilo, hata wasioamini. Lakini mimi nilikuwa kijana na nilikuwa na mdomo. Nikaiona chupa ya kijani, nene, yenye marashi kidogo chini. Nikabisha hodi kwa mzaha. Kimya. Nikasema, "Anyamazaye amekubali," nikamwaga marashi mchangani, nikarudi nyumbani na chupa. Sikuacha hata uzi.

Tuliitia maji ya manjano. Kache mwenyewe alikata samaki, mkia mkubwa kuliko kichwa, akambandika na kuibusu chupa. Adhana ya magharibi ilipokwisha nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaziweka chupa mbili za watoto kwenye sinia chini, na ile yangu ikabaki shubakani. Kila mmoja aliwasha ya kwake. Lo! Chumba kiligeuka. Kache alicheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa na vivuli vitatu kila mmoja wetu ukutani, nao watoto wakavichezesha kwa mikono.

Ndipo ikabishwa hodi.

Sisi kwetu mtoto hufunzwa mapema sana kwamba baada ya magharibi hodi haijibiwi mpaka ibishwe mara ya tatu. Wasio watu hawawezi kuirudia. Mimi hayo niliyajua na Zuhura nilimfunza mwenyewe. Lakini nilikuwa namngojea Mama Kache aje kumchukua mtoto wake, mikono imejaa mafuta, akili iko kwenye taa. Hodi ilibishwa mara moja tu, nami nikaitikia, "Karibu, mlango u wazi!"

Kache akainuka kumkimbilia mamake. Akasimama katikati ya chumba.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kaniki, miguu imetapakaa mchanga mbichi. Harufu ya marashi ilinipiga mpaka macho yakaniuma. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa alionekana mkubwa. Hakuitikia. Basi nikatazama ukutani. Mimi nilikuwa na vivuli vitatu, watoto vitatu vitatu. Yeye hakuwa nacho hata kimoja.

"Nimefuata changu," akasema.

"Chupa hii hapa, bibi," nikasema. "Ichukue. Nisamehe, nilikosa."

"Chupa ina moto wa mtu ndani. Navichukua vyote."

Sikumwelewa. Akaenda shubakani, akaubana utambi wa taa yangu ya buluu kwa vidole viwili. Ukazimika, nami nikaanguka. Pumzi ilikatika kama mtu ameninyonga, moyo ukasimama, masikio yakavuma. Nilikuwa naona kila kitu na siwezi hata kupepesa kope. Zuhura akapiga ukelele, "Mama!" Sijui ni nani aliyemtia akili mtoto yule. Alichukua kijiti cha ukuti, akakiwasha kwenye taa yake, akapanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kuiwasha tena taa yangu. Pumzi ikanirudia ikiniwasha kifua kama pilipili.

Ndipo nilipojua. Taa ya mtu ndiyo mtu mwenyewe, na alikuwa amekuja kumchukua Kache.

Nikaamka na mchi wa kinu. Nilimpiga wa kichwa kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukipasuka. Damu haikutoka. Yalitoka maji ya chumvi yanayonuka marashi, yakanirukia usoni. Nikapiga tena, na tena, nikimtukana matusi ambayo sitayasema mbele yako. Akaudaka mchi akautupa. Akanishika mkono wa kushoto, akausokota taratibu kama anakamua nguo, mpaka ukakatika, nikauona mfupa wangu mwenyewe umetokeza nje, mweupe. Akanipigiza uso kwenye mwimo wa mlango. Meno mawili yalitoka hapohapo. Nikamng'ata kidole, nikakikaza, kikabaki kinywani mwangu, kikavu, kina ladha ya ubani wa zamani. Nikakitema. Nilipiga makelele yote niliyokuwa nayo. Majirani waliniambia baadaye kwamba hawakusikia kitu, na nyumba zetu zilikuwa zimepakana ukuta kwa ukuta!

Watoto walikuwa wamekumbatiana pembeni. Yule mwanamke akalipiga teke sinia.

Chupa ya Zuhura ilivunjika vipande vipande. Ile ya kijani ilibingirika nzima. Mafuta yakatapakaa, mkeka ukashika moto, na maji mekundu na ya manjano yakatandazika sakafuni. Vizibo viwili vikawa vinaelea, kila kimoja na moto wake mdogo. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na udongo ulikuwa unayanywa yale maji. Muda mfupi tu vyote vingekaa matopeni vizimike. Na mimi mkono ulikuwa mmoja.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana haya sijamwambia mtu.

Kizibo cha Kache, kwenye maji ya manjano, kilikuwa mbele ya goti langu. Ningeinama tu. Cha Zuhura, kwenye maji mekundu, kilikuwa kule mbele, karibu na miguu ya yule mwanamke. Nikamtazama Kache. Naye alikuwa ananitazama mimi, hakulia. Akaniita, "Mama Zuhura." Basi, neno hilo tu.

Nikaruka juu ya moto wake, nikauokota wa mwanangu.

Niliufumbata kiganjani na mafuta yake yanayochemka. Nikasikia nyama yangu inakaangika, nikanusa harufu yake, na sikuuachia. Nyuma yangu kizibo cha Kache kikalia chwii, sauti ndogo kabisa. Nilipogeuka yule mwanamke alikuwa amekwisha kunipita, ameinama, amekiokota, amekitia ndani ya chupa ya kijani. Nikajitupa miguuni pake. Nikamwambia nichukue mimi, taa yangu ile pale shubakani, ichukue! Nalisema hilo na Mungu anasikia. Lakini nililisema nilipokwisha kuchagua, na yeye alilijua hilo. Alinitazama kidogo, akatoka kwa mlango uleule niliomkaribishia. Kache alikuwa amelala mapajani mwa Zuhura, macho wazi, hana pumzi.

Nilijaribu. Zuhura akaniwashia utambi mwingine, na wa pili, na wa tatu, akaziweka kwenye kikombe mbele ya uso wa Kache, nami nikimwita jina. Hakuamka. Adhana ya isha ilipoanza, moto uliokuwa kiganjani mwangu ukazimika wenyewe na taa ya shubakani ikazimika. Saa ya yule mwanamke ilikuwa imekwisha, na Zuhura hakuanguka. Alilia tu.

Mama Kache alikuja na karai lake la samaki kichwani. Akabisha hodi mara tatu, kama afanyavyo siku zote.

Nilimwambia nini? Nilimwambia moto. Nikasema taa zimepinduka, mkeka umewaka, moshi umemziba mtoto. Watu walijaa, wakauona mkeka ulioungua, wakaona mkono uliovunjika na kiganja kilichobabuka mpaka mishipa inaonekana. Mama Kache alimweka mwanawe chini, akaja akakishika kiganja changu, akakilaza shavuni pake. "Umejiunguza kwa ajili ya mwanangu," akasema. "Mungu akulipe, dada yangu." Nikamwacha aseme.

Na si siku hiyo tu. Miezi mitatu sikuweza kushika kitu, na ni yeye aliyenilisha uji kwa kijiko, akaniogesha, akamsuka Zuhura nywele. Alisimulia kivukoni kote jinsi nilivyoingia motoni kumwokoa Kache. Alipojaliwa mtoto mwingine alimpa jina langu. Miaka yote tuliyoishi pamoja, ugonjwa wangu ni wake, kilio changu ni chake. Mara ngapi nilifungua mdomo kumwambia! Nikimtazama, nikiufunga.

Pangoni nilipeleka marashi, ubani, mbuzi mweusi, nikabisha hodi mpaka sauti ikakauka. Chupa ya kijani niliiona mahali pake, samaki wa karatasi amebandikwa ubavuni. Ndani hamkuwa na kitu.

Mwaka huu Mama Kache amefariki. Tumemzika kwao Mazeras. Tulipokuwa tunarudi, Zuhura, ambaye sasa ana wajukuu wake, na ambaye katika umri wake wote hakupata kulitaja jambo lile hata siku moja, alinigeukia akaniuliza taratibu, "Mama, cha Kache si ndicho kilichokuwa karibu?"

Nikamwambia ndiyo. Hakuniuliza tena, wala tangu siku hiyo hajalala nyumbani kwangu.

Kwa hivyo mwanangu, cha pangoni usikiguse, na hodi ya kwanza usiijibu. Hayo utaambiwa na kila mtu. La kwangu ni hili. Siku mwenzio atakapokuja kukuachia mtoto wake, akakuambia nakuamini, usikimbilie kumwitikia. Mimi niliitikia kila jioni, tena nikicheka.