Mjukuu Mwenye Kwato

Hata leo nikinusa spiriti hospitalini, hutoka nje mbio. Watu hudhani naogopa sindano. Sindano gani, jamani! Mimi naikumbuka siku farasi wa Mjerumani alipopasuliwa mguu.

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la Mjerumani chini ya milima ya Uluguru. Farasi hawakai huku kwetu, mbung'o huwamaliza. Alikuwa amebaki huyo mmoja, naye akaanza kuchechemea. Bwana akasema ni uzembe wa baba. Akaletwa daktari wa wanyama kumpasua ukwato uliojaa usaha, na baba akaambiwa mbele yetu: farasi akifa, viboko hamsa ishirini, kisha mnyororo. Watu wa mnyororo tulikuwa tukiwaona wakivunja mawe barabarani.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi, mama yake mama, mkali kama pilipili, akateremka kutoka mlimani na unga wake wa tambiko. Alipofika zizini akakwama.

"Nimwite mzimu gani? Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Huyu mnyama mama yake nani?"

Baba akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Nisaidie, mama. Sina pa kwenda."

Bibi akasonya. "Haya. Leo ni mjukuu wangu. Asicheke mtu!"

Nani angecheka? Akamwaga maji ya unga nyuma ya zizi, akiwataja mabibi zake mmoja mmoja, akiwaomba wamponye mjukuu wao mguu. Ndani baba alikuwa amemlalia farasi shingoni, spiriti inanuka, kisu kinakata. Nikaziba masikio. Nilimwomba Mungu, nikawaomba na hao mabibi nisiowajua.

Farasi akapona. Tulicheza ngoma, na bibi akala kuku mzima peke yake.

Kisha vita vikafika Morogoro. Wajerumani wakakimbilia kusini, Bwana juu ya farasi, baba kwa miguu, ameshika hatamu. Penye farasi saisi hakosi. Hakurudi, wala kaburi hatukuonyeshwa.

Bibi hakutambika tena mpaka anakufa. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa: mguu tuliouombea ndio uliomchukua baba. Farasi angekufa, viboko vingemchana baba mgongo, mnyororo ungemtesa, lakini huenda siku moja wangemfungua, akarudi nyumbani.