Aliyewaalika Waliomcheka

Habari ya kifo chake ilinifikia juzi baada ya sala ya alasiri, na niseme wazi kwamba imeniuma. Wasomaji wangu wa Wete watamjua nikiwaambia tu ni yule mwoka mikate wa mtaa wa Jadida. Wengine wamjue kwamba alikuwa mwoga, tena mwoga wa kuimbiwa nyimbo, na kwamba sijapata kuona mtu aliyeishi kwa ubishi kama yeye.

Tulikuwa vijana, mwishoni mwa miaka ya hamsini, tulipokwenda kwao Makangale kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza dume kwa kitambaa na kumkwepa. Zamu yake ilipofika aliingia uwanjani na kitambaa chake, dume likageuza shingo, naye akatimka, akaacha kofia chini, akaparamia mkarafuu. Ng'ombe alikuwa bado kafungwa kamba! Kina mama waimbaji, ambao kazi yao ni kumsifu shujaa na kumchamba mwoga, walimtungia wimbo palepale. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wimbo ule ulisambaa Pemba nzima, ukamtangulia kila alikokwenda.

Miaka michache baadaye alijenga tanuri Jadida. Kuoka mikate ndiyo ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni. Tanuri likakauka, unga ukanunuliwa, mlango ukabaki umefungwa. Nilipomuuliza, alinijibu, "Watakuja kun'imbia, kaka. Nani atanunua mkate wa mtu wa kuchekwa? Na pengine wasema kweli, mie si mtu wa kitu." Nikamwambia aliuze basi hilo tanuri. Alinitazama kwa hasira.

Asubuhi ya pili alipanda gari kwenda Makangale, moja kwa moja hadi kwa kiongozi wa waimbaji. Nilifuatana naye, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Naja kukualikeni. N'nafungua tanuri, nataka mje mwimbe wimbo wangu."

Bibi alishangaa. "Mwanangu, weye hukasiriki?"

"N'nakasirika sana. Na khofu n'nayo. Lakini mikate n'taoka."

Walikuja, wakaimba beti zote na kuongeza mpya. Jadida yote ilijaa mlangoni, wenye maduka wa Kihindi wakatoka kutazama, watu wakacheka hadi machozi. Yeye alisimama katikati, mikono inamtetemeka, akingoja. Waliponyamaza akauliza kwa sauti, "Mmemaliza? Haya, nani anataka mkate wa moto?" Bibi ndiye aliyenunua wa kwanza. Kabla ya adhuhuri tanuri lilikuwa tupu.

Siku hizi nasikia watu wakiwahubiria vijana waondoe hofu kwanza, wajiamini, ndipo waanze. Upuuzi mtupu! Rafiki yangu hakuondoa chochote. Ng'ombe aliwaogopa mpaka anaingia kaburini, na kila alfajiri, aliniambia, alikuwa akijiuliza kama leo watu watanunua. Alijiuliza huku anakanda unga. Sisi tunaogopa kuchekwa kuliko tunavyoogopa njaa, na kwa sababu hiyo wangapi wamezikwa na kazi zao hawajazigusa?

Basi wewe unayenisoma, uliyeahirisha jambo lako mpaka moyo utulie, nakwambia moyo hautatulia. Anza hivyo hivyo unavyotetemeka, na anayetaka kucheka mwache acheke.