Mafuta ya Sangara Chini ya Karavani

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa mnanicheka bila kuujua mkasa wenyewe, acha niwasimulie mnicheke vizuri.

Karavani langu mnalijua, kile kijumba cha magurudumu ambacho watalii hulala ndani, mimi nilikinunua kikuukuu nikawa nauzia supu pale Mkuyuni. Sakafu yake ni mbao tupu, chini hakuna kitu cha kuzikinga, tope likiruka linatua hapohapo, na mvua zilipokatika nikabonyeza ubao mmoja, kidole kikazama. Fundi akaniambia, "Kaka, paka lami mara mbili, halafu iache ikauke wiki nzima." Wiki nzima naitoa wapi? Jumamosi tulikuwa tunamuaga mdogo wangu Rehema nyumbani kwa mama, Mabatini, chakula kitolewe humohumo kwenye karavani, na mimi, kwa vile baba alishatutoka, ndiye wa kumshika mkono na kumkabidhi kwa wakwe zake. Aliniomba mwenyewe. "Sitaki mjomba, kaka. Nakutaka wewe."

Basi nikajifanya mjuaji. Baba alikuwa mvuvi, mtumbwi wake akiupaka mafuta ya sangara na haukuoza, kwa hiyo nikaenda Igogo kwa akina mama wanaokaanga samaki nikapata ndoo, nikalala chali chini ya karavani nikapaka mpaka mbao zikang'aa. (Nilisahau kwamba mtumbwi unaoshwa na ziwa kutwa, na hakuna anayepakulia wakwe pilau juu yake.)

Siku yenyewe masufuria yakaletwa ya moto yakawekwa sakafuni, joto likapenya mbao, mafuta yakaanza kudondoka, na ile harufu, jamani, ilikuwa ya samaki wa juzi. Mbwa wa kwanza nikamfukuza kwa kijiti, akarudi na wenzake, kisha korongo wawili wenye vipara wakatua uani wakasimama kama nao wana kadi za mwaliko. Mama mkwe wa Rehema akaziba pua kwa kitenge, akauliza taratibu, "Huku kwenu mnapika nini?" Mama yangu akaniangalia mimi, na pilau likabaki kwenye sahani za watu.

Nikaona dawa ni kuingia chini ya karavani niyafute mafuta kwa gunia, na suti yangu mwilini (ya kuazima, ndiyo). Niko chali, mafuta yananidondokea usoni, nasikia MC anaita, "Kaka wa bibi harusi, aje mbele." Akaita tena. Nikatoka kwa magoti, mbwa mmoja ananilamba koti, na uwanja mzima ukaangua kicheko, MC akiwamo. Rehema hakucheka. Alikuwa amesimama na gauni lake la kijani, amenyoosha mkono ananingoja, na mimi nikaitazama mikono yangu, nikarudi nyuma. Mjomba akamshika.

Karavani sasa nimelipaka lami, mara mbili, na wiki nzima nilifunga biashara nikingoja ikauke. Albamu ya picha za siku ile ikiletwa, mimi hutoka nje. Juzi nikamwomba Rehema msamaha kwa ajili ya mbwa, harufu na pilau lililomwagwa, akanikatiza.

"Kaka, hayo nilishayasahau. Ungenishika hivyohivyo. Gauni lingefuliwa."

Mtu akininyooshea mkono tena, wallahi sirudi nyuma, hata niwe nimetoka kwenye pipa la lami.