Bomba Lilikohoa Wakati wa Penalti

Hapana, Yusuf. Mimi sichukii mpira, na hiyo maneno ya ati nina roho ngumu rudisha ulikoitoa. Wewe ni binamu yangu, umevaa jezi tangu Jumatatu, mtaa mzima hapa Garissa umevaa jezi, sawa. Umeniuliza mbele ya watu mbona dunia yote inaangalia na mimi natoka nje. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwa mdomo tutapigana. Na usiniambie kumbukumbu za kazi ni za wazee wa ndevu za hina. Nina miaka ishirini na tisa, na sita kati ya hiyo nimeendesha mashine ya kisima. Kazi imeisha. Nimestaafu, wacha niongee.

Nilianza Balambala bila cheti hata moja. Fomeni Adan, mkubwa wa mashine zote upande ule, hakunionyesha jenereta siku ya kwanza. Alinipa jerikeni nikalie kando ya bomba linalotoka chini.

"Warya, wewe kijana, weka sikio hapo."

"Mpaka lini, adeer?" Adeer kwetu ni ami, tunaita hivyo kila mkubwa.

"Mpaka uchoke. Ukichoka, endelea."

Jioni ndio akanielezea. Pampu iko chini kabisa ndani ya maji, jenereta huku juu inaizungusha. Ukivuta sana, maji yanashuka, pampu inaanza kumeza hewa na bomba linakohoa. Linakohoa kweli, kama mzee wa sigara. Hapo unazima haraka, unapumzisha kisima mpaka maji yarudi. Ukichelewa, mota imeungua. Mambo mengine yote nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga na kuchoma vidole. Kusikiliza nilipewa na Fomeni Adan.

Baadaye tukapelekwa Bura, mimi na yeye. Mashindano ya dunia yakaanza, na mimi wakati huo nilikuwa mwendawazimu wa mpira kuliko wewe, Yusuf. Siku moja mechi ikafika penalti. Hoteli yenye televisheni ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwa mashine. Nikajiambia penalti ni dakika kumi. Nikaenda.

Niliporudi nikiimba, bomba lilikuwa kimya na kulikuwa na harufu ya waya iliyoungua.

Siku kumi na moja Bura haikuwa na maji. Mbuzi walilala kando ya birika kavu na hawakuamka. Afisa wa maji akaja na gari kutoka Garissa, hasira mpaka masikioni. "Nani alikuwa kwa mashine?"

Fomeni Adan akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mimi."

Alirudishwa nyumbani wiki hiyo hiyo, mtu aliyekuwa amebakisha miaka miwili astaafu kwa heshima. Wakati anafunga godoro lake nilisimama hapo kama mti, nikingoja anitukane. Aliniuliza kitu moja tu.

"Nani alishinda?"

Nikamwambia. Akasema, "Sawa," akapanda lori. Wallahi heri angenipiga.

Miaka minne ikapita. Mimi sasa nilikuwa mwenyewe kwa mashine, kituo kidogo mbele ya Habaswein, na mashindano yakarudi. Ilikuwa kiangazi mbaya. Huku tunanywesha kwa zamu: ng'ombe baada ya siku mbili, ngamia wanakaa hata wiki na zaidi, kwa hivyo siku yao ikifika haisongezwi. Lori ya dizeli ilikuwa imekwama kwa mchanga, tumebaki na dramu moja. Na jenereta ilikuwa imechoka, haingebeba pampu na ukumbi wenye televisheni pamoja.

Msimamizi wa kituo alikuwa ametoka Kenya, vile sisi tunasema mtu akitoka bara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na nusu ya kituo nyuma yake.

"Kijana, saa kumi uzime pampu, utuwashie ukumbi. Masaa mawili tu."

"Ngamia wa Eddo Dahabo wameshafika."

"Watakunywa kesho."

"Kesho hakuna dizeli."

"Leo ni timu ya Afrika inacheza, bwana. Huoni aibu?"

"Na ngamia ni wa Ulaya?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Eddo Dahabo, mama mwenye ngamia, akaja mbele na fimbo yake, akamwambia kwa Kiswahili yake: "Mpira nakwisha, wewe nakunywa chai. Ngamia yangu siku tisa hapana kunywa. Leo hapana kunywa, yeye nakufa njiani."

Msimamizi akasema ataandika barua. Nikamwambia aandike na kalamu mbili. Nikasema na mengine ambayo mama yangu asisome, kisha nikachukua plaizi nikakata waya inayoenda ukumbini.

Wakabaki na redio ya simu, wamejikusanya karibu na mashine, wananitukana kwa zamu. Ngamia wanakunywa. Na mechi, kama imetumwa, ikafika penalti. Wote sikio kwa simu. Mimi sikio kwa bomba. Mtu wa kwanza akafunga, wakapiga kelele, na ndani ya ile kelele bomba likakohoa.

Nikazima. Wakanigeukia wote, wanafikiri nimekasirika tena. Nikakaa chini, nikangoja maji yarudi, nikawasha. Ngamia wa mwisho alikunywa kabla ya isha.

Barua iliandikwa. Garissa nikaambiwa mkataba hauongezwi, na kukata waya ya serikali sikukana. Huko ndiko kustaafu kwangu. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Fomeni Adan, nikamwambia yote. Hakuuliza nani alishinda.

"Iliungua?"

"Haikuungua, adeer."

Akanimiminia chai mwenyewe, kwa mkono wake, kitu hajawahi kufanya tangu Balambala.

Yeye bado anapenda mpira. Mashindano haya anaangalia kila mechi, na mimi naenda kukaa naye kwa sababu ni yeye. Lakini wakipiga kelele, natoka nje kusikiliza, hata kama hakuna bomba. Siwezi kuacha, na sitaki kuacha.

Sasa Yusuf, na wewe mwingine unayesoma hii na jezi mgongoni: wakati mnaruka hapo mbele ya televisheni, maji mtakayokunywa mechi ikiisha, nani yuko kwa mashine?