Jino la Chonge la Mama Sudri

Mama Sudri anauza wali na nguruwe wa kubanika katika soko letu hapa mjini Klungkung, meza yake imepakana na yangu. Hana siku ya kukaa kimya, kwa hiyo alipoacha kucheka nilijua kuna jambo. Shavu lilikuwa limevimba, na alinuka karafuu ya kutuliza jino kutoka mbali.

"Twende kwa daktari wa meno," nikamwambia.

"Weee! Aning'oe jino la chonge? Niache na maumivu yangu."

Nilimwelewa, ingawa alinikera. Kwetu vijana husuguliwa kwa tupa meno sita ya juu, yale mawili ya chonge yakiwemo, ili hasira na tamaa zipungue. Yeye hakusuguliwa, kwani kila mara kwao walipopata uwezo, shughuli nyingine ilitangulia. Sasa angesuguliwa pamoja na wajukuu zake mwezi uliofuata, na jino lake la chonge lilikuwa linacheza; likitoka, meno sita hayatimii. Mama yake mzazi alikufa bila kusuguliwa, akasuguliwa akiwa maiti, kabla mwili haujachomwa moto. Mama Sudri hakutaka yamkute hayo.

Nilimburuta hivyo hivyo. Daktari Sutama akagonga jino moja moja kwa kichuma chake, akalitikisa lile la chonge, akapiga picha.

"Mama, hili linalocheza haling'olewi. Mfupa unaolishika bado upo. Ukoga ndio umelegeza fizi, nitausafisha. La kung'oa ni gego la nyuma. Limepasuka mpaka kwenye mzizi na lina usaha, halizibiki tena. Ulitafuna nini?"

"Ngozi kavu ya nguruwe," nikamjibia. "Anamaliza biashara yake mwenyewe."

"Nyamaza wewe, mbea! Daktari, una uhakika? Chukua magego yote ukitaka, hili niachie."

"Moja linatosha, mama."

Akapigwa ganzi, gego likatoka. Njia nzima alinitukana kwa mdomo uliopinda, nami nilifurahi mno.

Siku ya shughuli alilala katikati ya wajukuu, amevaa nguo ya njano. Tupa ilipofika kwenye lile jino nilibana pumzi. Halikutikisika. Mwisho mchongaji meno akawapa kioo wajitazame, kama ilivyo desturi. Wajukuu walikenua na kuchekana. Yeye alikishika kioo muda mrefu.

"Vipi, umejipenda?" nikamtania.

"Mama yangu hakupewa kioo," akasema, kisha akanikenulia meno yake yote, machozi yakimtiririka.