Namba ya Ogada

Kwa miaka kumi na mmoja Phelix Ogada alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya kutwa iliyo juu ya Roret, na kwa muda wote huo hakuna chupa yake iliyowahi kukosea. Hivyo ndivyo alivyoamini yeye, ndivyo walivyoamini walimu, na wanafunzi nao waliishika imani hiyo kuliko walivyoshika mafundisho ya kanisani.

Ogada si mwalimu. Huchanganya dawa, huosha vyombo, hufunga gesi na kufukuza nyuki. Babake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, Ogada akazaliwa katika nyumba za kampuni ya chai, akajua Kipsigis kabla ya kukijua Kiswahili. Wanafunzi humwita Mwalimu wa Lab, naye hajawahi kuwasahihisha. Binti yake, Maxine, yumo Kidato cha Tatu katika shule hiyohiyo, na humo ndani humwita Mwalimu kama wenzake.

Kila muhula ukikaribia kufungwa, Ogada huwa mtu mkubwa. Wiki hiyo ndiyo ya mtihani wa kemia wa vitendo. Mwanafunzi hupewa asidi katika bureti, kile kioo chembamba kirefu chenye bomba chini, ambacho watoto wa huku hawasahau jina lake kwa kuwa wilaya yao nayo inaitwa Bureti. Anaidondosha asidi kidogo kidogo katika chupa yenye maji ya rangi ya waridi, na rangi ikipotea anafunga bomba na kusoma ametumia kiasi gani. Anafanya hivyo mara tatu. Alama hutolewa kwa kulinganisha namba yake na namba ya shule, ambayo mwalimu anapaswa kuipata kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ya mtihani. Mwalimu wa kemia, Gibson Kiplangat, alikuwa amemwachia Ogada kazi hiyo tangu mwaka wake wa kwanza. Mwenye kazi akiwa na mtu wa kumfanyia, hawi na haraka ya kujifunza.

Basi hapo akawapo mtu anayeijua namba kabla ya mtihani, na mtu huyo ana huruma. Ogada alikuwa akipita nyuma ya meza kana kwamba anatafuta bomba linalovuja, na akimwona mtoto anaandika na kufuta, humnong'oneza. Hakuona kwamba ni wizi. Kwake ilikuwa kama kumshika mtoto mkono avuke mto. Ni wizi, lakini ni wizi wa mtu mwema, na huo ni mgumu kuukomesha kwa sababu unashukuriwa.

Mtihani wa muhula wa tatu ulifanyika Jumanne. Asubuhi Ogada alichanganya asidi katika mtungi, akaipima mwenyewe, akapata 24.3, akamwandikia Mwalimu Gibson kwenye kikaratasi. Yote yalikwenda sawa mpaka kijana mmoja wa meza ya pili aliposahau kufunga bomba la mtungi, na asidi nyingi ikamwagika sakafuni. Ya meza ya nne, meza ya mwisho yenye watu wanane, haikutosha. Ogada akakimbilia chumba cha nyuma achanganye nyingine kwenye jagi. Alipima asidi vizuri. Alipokuwa akiongeza maji, Gibson alimwita kwamba watoto wanangoja na dakika zinakwenda. Akasimamisha maji chini kidogo ya mstari wa kipimo, upungufu wa kama nusu kikombe, akajiambia atamalizia, akaenda kuwagawia. Hakumalizia. Kisha akapita nyuma ya meza ile ya nne, akawaona wanane wale wanatazamana, akawanong'oneza: 24.3, msihangaike.

Jumatano mchana Gibson alimwita ofisini msichana anayeitwa Chepchirchir. Karatasi yake ya nadharia ilikuwa ya pili darasani. Ya kwanza ilikuwa ya Maxine, na karatasi hizo mbili zilifanana kama watoto wa tumbo moja. Wasichana hao hukaa pamoja. Lakini katika vitendo, Maxine alikuwa ameandika 24.3, naye Chepchirchir akaandika 22.1. Gibson alipiga hesabu yake haraka. Asiyeweza kusoma bureti, na tena mara tatu, hawezi kujibu maswali magumu ya nadharia isipokuwa ameyanakili kwa jirani. Akamwambia kwamba karatasi zake zote za kemia zitafutwa, neno udanganyifu litaandikwa kwenye ripoti, na mamake aje Ijumaa ya kufunga shule.

Ogada alikuwa mle ofisini akirudisha saa za kupimia. Alimwona Chepchirchir akitazama sakafu.

"Mwalimu, mimi niliandika ile niliona," alisema.

"Watu arobaini waone moja, wewe uone ingine?"

"Sijui wao waliona nini."

Hakulia. Ogada alirudi maabara, na jagi lilikuwa pale rafuni, na ndani yake kiasi cha kutosha. Alijaza bureti na kudondosha. Rangi ilipotea kwenye 22.1. Akarudia, ikapotea palepale. Ndipo alipoikumbuka ile nusu kikombe ya maji; maji yakipungua asidi huwa kali, na rangi hupotea mapema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Ogada alikuwa akiwasomea wengine methali hiyo miaka yote.

Walimu walipokwenda kunywa chai, aliingia ofisini kwa Gibson akazipekua karatasi za meza ya nne. Ya juu ilikuwa ya Maxine. 24.3, 24.3, 24.2. Iliyofuata nayo 24.3, 24.3, 24.2. Karatasi saba, na hata kale kakosa ka mwisho ka kuonyesha kwamba kazi ni ya kweli walikuwa wamegawana. Meza nzima ilikuwa imeona 22.1. Mmoja tu aliandika alichokiona, naye ndiye aliyeitwa mwizi.

Jioni ile mvua ilinyesha kama kawaida yake. Mkewe alikuwa zamu ya kiwandani, na Maxine alikuwa jikoni akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Ogada alivuta kiti akakaa mlangoni, akamuuliza alipata ngapi katika mtihani.

"Twenty-two point one," Maxine alisema bila kugeuka. "Zote tatu."

"Na ukaandika?"

"Si wewe ndio ulisema twenty-four point three." Alipunguza moto. "Nilifikiri macho yangu ndio mbaya, Baba. Chupa yako haikosei."

Hakuwa akimlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ogada aliona aibu, aibu hasa, ile inayomfanya mtu mzima atafute pa kuweka mikono yake. Akamuuliza juu ya nadharia. Maxine alisema hakuna aliyenakili. Yeye na Chepchirchir walikuwa wamesoma pamoja tangu Septemba, kwa daftari moja, saa za chakula cha mchana. Mbona basi hakumwambia Mwalimu Gibson hivyo? Alisema angemwambia hilo, angeulizwa na lile lingine la namba, na akijibu, ni babake angetajwa. Kisha akaweka ugali mezani, wakala.

Alhamisi Ogada aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Mara mbili alilibeba jagi hadi kwenye sinki. Kulimwaga lilikuwa jambo la sekunde tatu, na baada ya hapo lingebaki neno la msichana dhidi ya watu arobaini. Alijipa sababu nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kijinga. Msichana ana akili, atainuka tu. Ripoti ni ya muhula mmoja. Akisema, watoto saba wataanguka ili mmoja asimame, na mmoja wa hao saba amemzaa yeye. Mkataba wake nao huandikwa upya kila Januari. Alilirudisha jagi rafuni mara zote mbili, lakini hakupita ofisini kwa Gibson, akaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi wazazi walianza kufika. Mamake Chepchirchir alikuja mapema kuliko wote, na viatu vyake vya mpira vina matope, maana alikuwa amekamua ng'ombe kwanza. Ogada alimfahamu kutoka kituo cha kuuzia majani chai. Mama alimsalimia kwa Kipsigis, akamuuliza kama yeye, aliye karibu na walimu, anajua mtoto amefanya nini, kwa sababu mtoto mwenyewe anasema hajafanya kitu na yeye hajawahi kumshika na uongo. Ogada alimjibu kwamba angoje kidogo. Akaenda maabara, akalichukua jagi, akaingia nalo ofisini kwa Gibson.

"Mwalimu, asidi ya meza ya nne nilikosea mimi. Maji yalipungua. Huyo msichana alisoma sawasawa."

Gibson alitazama jagi, akatazama karatasi. Hakuwa mtu mpumbavu, ila mvivu kidogo, na sasa uvivu wake ulikuwa umemfikisha pabaya. "Na hawa saba?"

Hapo Ogada angeweza kusimama. Angeweza kusema kwamba watoto wa siku hizi wanapika majibu, na Gibson angekubali upesi.

"Waliandika ile niliwaambia," alisema. "Mimi huwaambia. Si mwaka huu tu, ni miaka yote."

Gibson aliichomoa karatasi ya juu. "Mzee, unajua karatasi ya Maxine iko hapa?"

"Ndiyo niliona ya kwanza."

Wakaenda wote wawili kwa mkuu wa shule, Madam Edinah, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, na ndiyo maana anaogopwa. Aliwasikiliza hadi mwisho. Alimuuliza Gibson ni mara ngapi amewahi kuipata namba ya shule kwa mkono wake, na Gibson akasema hajawahi. Akaamua palepale. Chepchirchir hana kosa, na Gibson atoke nje amwambie mamake hivyo yeye mwenyewe, mbele ya wazazi wengine. Kidato cha Tatu wote watarudia swali lile asubuhi hiyohiyo, wazazi wakisubiri. Gibson ndiye atakayeipata namba. Ogada atachanganya asidi kisha atoke, na tangu siku hiyo asionekane ndani ya maabara mtihani ukiendelea. Habari za mkataba wataziongea Januari.

Ogada alichanganya. Safari hii aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari, akaongeza maji tone kwa tone. Akatoka, akazunguka jengo, akasimama nyuma, katikati ya michai ya shule, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kusimama.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Meza ya nne ilikuwa karibu nalo. Chepchirchir alifanya kazi yake haraka, akaandika, akaifunika karatasi kwa kiganja. Maxine alikwenda polepole. Rangi ilipotea, lakini mkono wake ulichelewa kufunga bomba, na Ogada, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka pale, aliona kwamba matone matano au sita yalikuwa yamepita bure. Namba hiyo ingekuwa kubwa kuliko inavyopaswa. Maxine naye alihisi kuna kasoro. Aliishika kalamu bila kuandika, akainua macho kuwatazama wenzake, kisha akageuka dirishani akamwona babake.

Alimtazama akingoja. Ilitosha Ogada atikise kichwa tu, naye Maxine angejua arudie upya, muda ulikuwepo. Alimpenda mtoto huyo kuliko kitu chochote duniani. Alimgeuzia mgongo, akashika mchai uliokuwa mbele yake, akaanza kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akiyaweka katika mfuko wa koti lake jeupe. Aliendelea hivyo mpaka aliposikia Gibson akikusanya karatasi.