Miezi Saba ya Wahyuni

Wahyuni alipohamia Katoro, mimi Mama Davis ndiye niliyemfundisha kununua dagaa bila kupunjwa. Nasema mapema mjue sipigi porojo. Yeye ni Mjava, wa kisiwa cha Java huko Indonesia. Alikutana na Masudi, fundi wetu wa magari, wote wakifanya kazi Oman, wakaoana. Leo anauza sokoni soya aliyoivundika mpaka ikashikana, anaikata vipande na kuikaanga. Mwanzoni tulisema imeoza. Siku hizi wachimbaji wa dhahabu wanaipangia foleni, na mimi nawekewa yangu pembeni.

Ana upole wa kukera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anakuomba radhi. Upole huo nusura umkoseshe mkwe.

Alipojifungua Limi, hakuruhusu mtoto aguse udongo. Mgongoni kwenye kitambaa cha batiki, sawa; mapajani, sawa; chini, hapana. Kwao mtoto hushushwa ardhini kwa sherehe akitimiza miezi saba, na bibi yake ndiye humshika mkono. Bibi Ndaki, mama yake Masudi, alielezwa akakubali. Akahesabu kwenye kalenda yake ya kanisa, siku ilipotimia akaja kutoka kijijini na jogoo kwapani. Akamkuta mjukuu bado yuko mgongoni, sisi majirani tumekaa uani.

"Miezi saba ndiyo leo," akasema. "Mshushe."

"Bado, Mama," Wahyuni akajibu, macho chini, asiongeze neno.

Angesema tu kwamba mwezi wanaouhesabu wao una siku thelathini na tano, yangeisha. Lakini kwao kumsahihisha mkwe mbele ya watu ni kukosa adabu. Bibi Ndaki akaona amedanganywa.

"Kumbe udongo wetu mchafu," akasema. "Wanangu wote wametambaa hapa. Basi mimi nyumba hii sikanyagi tena." Akaondoka na jogoo wake.

Wahyuni alilia mpaka macho yakavimba. Mama yake mzazi yuko ng'ambo ya bahari. Limi angeshushwa na nani? Mimi nikachemka. Nikapanda bodaboda hadi kijijini, nikampa bibi hesabu ya Kijava bila kumumunya maneno. Alinisikiliza huku akichambua choroko. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Tulitengeneza ngazi ya miwa, tukatandaza mikate ya wali ya rangi saba mtoto aikanyage. Mchele wetu haunati kama wa kwao, kwa hiyo mikate ilimeguka, tukacheka sana. Pembeni kabisa ya mikate hiyo tukaweka tenga langu kubwa la kufunikia kuku, limeoshwa, ndani yake kitana, kalamu na spana ya baba. Mtoto huingizwa humo achague, watu wabashiri atakuwa nani. Lakini Wahyuni alikuwa anatazama barabara tu.

Bibi Ndaki akatokea, kavaa kitenge cha sikukuu. Akaitikia shikamoo zetu kwa mkato, akampokea Limi, akamkanyagisha udongo, kisha mikate, akampandisha ngazi ya miwa, akamtia tengani. Limi akaangua kilio. Bibi hakufikiri mara mbili: akavua viatu, akainua tenga, akajiingiza na mwili wake wote, akaketi bila kutazama chini, magoti yakabaki nje. Tulivunjika mbavu. Limi akanyamaza, akakamata kitana, akakitia mdomoni.

Wahyuni akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye magoti ya mkwewe. Ndivyo Wajava wanavyowaomba wazee wao msamaha. Bibi Ndaki akatoa mkono nje ya tenga, akamshika kichwa.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni mama yako. Nikikosea, niambie. Ukininyamazia nitajuaje?"

Wahyuni akainua uso, machozi yanamtiririka. Nilimwona akitutazama sote tuliojaa pale.

"Mama," akasema kwa sauti, "umekalia mikate ya mtoto."

Hakuna aliyecheka kumshinda bibi mwenyewe.